Gari Lililolia Hadi Riruta

Wengi wenu mliniona Jumatatu ile nikifungua duka, kucha bado zimejaa grisi ya Jumamosi, mkauliza kulikoni. Niliwajibu kwamba gari lilituharibikia njiani, nanyi mkacheka, kwa maana gari langu mnalijua. Mmoja wenu akasema, "Sasa Ngara mpaka Kabiria, humu humu Nairobi, mtu anachukua siku nzima aje? Si hata angetembea?" Sikumjibu. Jibu lake ni refu, na sehemu kubwa yake hainipi sifa. Lakini mmeendelea kuuliza, kwa hiyo nitaieleza safari yenyewe hatua kwa hatua, bila kujipaka mafuta.

Tulikuwa watatu garini. Mimi ndiye niliyeendesha. Kando yangu alikaa mke wangu, Nyambura. Nyuma alikaa mama yake, ambaye sisi sote humwita Mami. Alhamisi alikuwa amepasuliwa jicho la kulia kutolewa mtoto wa jicho, akalala kwetu Ngara siku mbili. Jumamosi alitakiwa aangaliwe na daktari mjini, kisha tumrudishe kwake Kabiria. Mwende, binti yetu, alikuwa shuleni kwake, shule ya bweni.

Kuna mtu wa nne ambaye lazima nimtaje mapema, ingawa hakuwa garini. Anaitwa Njoroge, ni fundi wa magari Riruta. Kabla yangu, yeye ndiye aliyetaka kumuoa Nyambura, na nusu ya Kabiria ilishaanza kuulizana watashona nguo za rangi gani. Waliachana, na mwaka uliofuata nikakutana na Nyambura. Nilimwona Njoroge mara moja tu, kwenye mazishi ya baba mkwe, akipanga viti vya wageni kama mwana wa nyumbani. Nina miaka tisa ya ndoa. Katika hiyo miaka tisa nadhani sijapita Riruta hata mara moja bila kuangalia pande zote mbili za barabara.

Ngara hadi Kirinyaga Road

Tulitoka saa tatu asubuhi. Nilipowasha gari lilipiga ule ukelele wake, mkali na mrefu, mpaka mama anayeuza sukuma wiki mlangoni petu akaziba masikio. Lilikuwa limeanza kulia hivyo tangu kabla ya mvua. Mwanzoni lililia asubuhi tu na kunyamaza likipata joto. Siku hizo lilikuwa linalia hata nikikata kona.

"Baba Mwende, hii gari inalia," Mami akasema kutoka nyuma.

"Ni baridi ya asubuhi tu, Mami."

"Baridi gani na mimi nimevua sweta?"

Nilijua ni mkanda, ule wa mpira unaozungushwa na injini ili nao uzungushe altaneta inayochaji betri, usukani na pampu ya maji. Mkanda ukiteleza kwenye puli zake, yale magurudumu madogo unayoyapitia, hulia. Nikajiambia nipite Kirinyaga Road, ambako mafundi wamejipanga kandokando ya maduka ya vipuri, ukazwe dakika tano twende zetu.

Nilipoegesha, Nyambura alishuka na simu sikioni. Alisimama mbele ya gari, akanipa ishara nisizime injini, akaiweka simu juu ya boneti kana kwamba anampa mtoto asikilize hadithi. Kisha akaichukua na kusogea pembeni. Alikuwa akiongea Kikuyu, na Kikuyu na Kikamba chetu ni ndugu, kwa hiyo huwa nashika neno moja hapa na jingine pale. Nilimsikia akicheka. Halafu nikashika neno *ngoro*, yaani moyo. Akalirudia. Ngoro. Akacheka tena.

Aliporudi alisema, "Njoroge anasema wasikaze mkanda. Twende pole pole mpaka kwake, aiangalie mwenyewe."

"Njoroge gani?" nikauliza, kana kwamba maishani mwangu kulikuwa na zaidi ya mmoja.

"Njoroge wa Riruta."

"Na namba yake umeitoa wapi?"

"Ni mimi ninayo," Mami akadakia. "Yeye ndiye hunitengenezea tangi la maji."

Hilo la tangi lilikuwa geni kwangu. Nilishuka, nikamwendea fundi wa kwanza niliyemwona, mzee mwembamba mwenye kofia ya sufu.

"Kaza huo mkanda," nikamwambia.

Aliubonyeza kwa kidole gumba. "Mkubwa, huu hauko legevu sana. Nikiukaza zaidi beringi za hizi puli zitaumia."

"Kaza."

"Unajua wewe ndiye mwenye gari."

"Ndiyo maana nimesema ukaze."

Akaukaza. Nikawasha gari, na ajabu, kukawa kimya kabisa. Nyambura alikuwa amesimama mlangoni akinitazama. Nilimwambia, kwa sauti ya kufika mpaka Riruta, "Umeona? Dakika tano."

Aliingia akafunga mlango taratibu, na ule upole ndio ulionikera.

Mjini hadi Valley Road

Kliniki tulikaa mpaka saa sita. Daktari alifurahia jicho, akabadilisha bandeji, akatoa amri zake: asiinamie chini, asibebe kitu kizito, na zaidi ya yote vumbi na moshi visimkaribie. "Mpeleke nyumbani moja kwa moja," akaniambia, na nikamhakikishia kwamba saa saba Mami atakuwa amekaa sebuleni kwake.

Tulivuka Uhuru Highway vizuri. Gari lilikuwa kimya, nami nilikuwa nimeanza kupiga mluzi. Tulipoanza kuupanda mlima wa Valley Road, nikasikia harufu tamu, kama sukari inayoungua. Nikaangalia sindano ya joto la injini. Ilikuwa imeacha katikati na kwenda juu. Kabla hatujafika nusu ya mlima, moshi mweupe ulitoka pembeni mwa boneti, nikasogea kando na kuzima.

Ulikuwa mvuke tu, lakini Nyambura hakusubiri kuulizana. Alimfunga Mami leso usoni, akampandishia kioo.

Mtu mmoja wa suti, Biblia kwapani, alivuka barabara kuja kutusaidia. Alikuwa na sauti nzito ya kuhubiri. "Poleni sana, poleni. Hapa ni kufungua kifuniko cha rejeta, ipumue." Akatoa leso mfukoni, akakunja mkono wa koti.

"Wewe mwenye sauti ya kanisa!" Mami akapiga kelele ndani ya gari, uso wote umefunikwa. "Ondoa mkono hapo! Unataka kuchomeka?"

Yule bwana akaruka nyuma. Marehemu baba mkwe aliendesha malori miaka thelathini, na kifuani alikuwa na kovu kubwa lililotokana na kifuniko cha rejeta kilichofunguliwa moto. Mami alikuwa ameliosha lile jeraha kwa mikono yake.

Basi ikabidi tungoje ipoe. Bwana wa suti hakukasirika. Aliketi ukingoni nasi, akatugawia njugu karanga kutoka kwenye karatasi. Nyambura alikuwa ameshasogea tena na simu. Yule bwana alimtazama, akanigeukia, akaniuliza kwa upole, "Dereva, huyu mama umemfanyia kazi muda mrefu?"

"Ni mke wangu."

"Oh! Samahani sana. Nimeona ni kama yeye ndiye anayepanga mambo."

Niliendelea kutafuna njugu. Nyambura aliongea dakika kumi na moja; nilihesabu. Mimi na yeye kwa simu hatuzidi dakika moja, tena kuhusu unga. Aliporudi alisema, "Njoroge anasema ikipoa tuongeze maji, tuwashe hita mpaka mwisho, itatoa joto kwa injini. Halafu twende pole pole."

"Hita? Saa saba mchana?"

"Ndivyo amesema."

"Hilo gari ni langu au ni la Njoroge?"

"Ni letu," akasema, kisha akaenda kuomba maji kwa askari wa lango la jirani.

Tulijaza maji, nikawasha, na sikugusa hita. Hatukuwa tumeenda mita mia mbili sindano ikaanza kupanda tena. Ndipo Mami akajikunyata nyuma na kusema, "Baba Mwende, nasikia baridi. Niwashie hita."

Jua lilikuwa la utosi. Alijua, nilijua, na Nyambura alijua. Lakini mkwe hakatai ombi la mama mkwe, basi nikaiwasha mpaka mwisho. Sindano ikateremka taratibu, nasi tukaenda Ngong Road vioo vikiwa vimefunguliwa mbele, jasho likinitiririka mpaka kwenye soksi.

Chapati za Dagoretti Corner

Tulifika Dagoretti Corner saa nane na nusu, sindano ikiwa karibu na nyekundu na ule ukelele umerudi. Safari hii haukuwa mlio mmoja. Chini yake kulikuwa na mkwaruzo, kama mtu anayesaga mchanga. Hapo ningeweza kusema, "Haya, mpigie Njoroge." Nilimwendea fundi mwingine.

Huyu alikuwa mnene, mwenye ovaroli ya buluu na maneno mengi. Alisema shida ni thamostati, kile kidude kinachofunguka na kufunga njia ya maji. "Mimi huzitoa hizi zote, boss. Hapa kwetu hakuna barafu. Gari inapumua tu vizuri." Alitaka injini ipoe kwanza, kwa hiyo tukaenda kula.

Kibanda kilikuwa na chapati na maharagwe ya nazi kidogo, yale wanayoita madondo. Tulimkalisha Mami mbali na jiko ili moshi usimfikie. Aliivuta sahani, akamega chapati, akatabasamu.

"Haya madondo nayajua. Njoroge aliyapenda sana. Alikuwa akiyaleta nyumbani kwa sufuria."

Niliweka kijiko chini.

"Mami," Nyambura akasema kwa sauti ya kumkanya.

"Nimesema nini? Baba Mwende, kula. Huyo mtu hayuko kwa sahani yako."

Nilikula, lakini sikuweza kuvumilia zaidi. Mami alipopelekwa kunawa na mama wa kibanda, nilimwinamia Nyambura. "Ngoro ya nani mlikuwa mnaiongea asubuhi?"

"Ngoro?"

"Nilisikia. Ngoro hivi, ngoro vile, na kicheko juu."

Alinikodolea macho, kisha akaangua kicheko mpaka watu wa meza ya pili wakageuka. "Mutinda! Pampu ya maji! Njoroge huiita moyo wa gari, kwa sababu ndiyo inasukuma maji yazunguke. Alikuwa anasema moyo wa gari yetu umechoka. Wewe unasikia neno moja unajengea nyumba ya ghorofa."

Nilitabasamu kwa sababu nilitakiwa kutabasamu. Moyoni nilijiuliza, mbona mtu achekee pampu?

Thamostati ikatolewa. Yule fundi mnene aliniwekea mkononi kama jino lililong'olewa. Gari lilisimama pale likinguruma dakika kumi, sindano ikatulia, naye akanipiga bega. "Sasa enda hata Mombasa."

Naivasha Road

Hatukufika mbali. Tulipoingia Naivasha Road, taa nyekundu ya betri iliwaka. Kisha usukani ukawa mzito kama ninageuza mkokoteni wa mawe. Ukasikika mlipuko mdogo chini ya boneti, kitu kikapiga-piga mara tatu, na ule ukelele wa miezi miwili ukakatika. Mkanda ulikuwa umeraruka. Sindano ya joto haikupanda, iliruka.

Tulikuwa Riruta, Kabiria ikiwa mwendo mfupi tu. Nilishika usukani kwa nguvu zote. "Tumeshafika," nikasema.

"Zima gari."

"Ni dakika tano, Nyambura."

"Mutinda, zima hii gari."

Huwa ananiita Baba Mwende mbele ya mama yake. Nilizima. Gari likaserereka mpaka mbele ya duka la saruji na mabati, mahali pabaya kuliko pote tungeweza kusimama, maana lori lilikuwa likishusha mchanga na vumbi lake likija moja kwa moja kwetu. Mami alijifunika leso kwa mikono miwili, akainama. Nyambura akamwinua haraka, "Mami, usiiname! Daktari alisema usiiname!" Nilimwona Mami akitetemeka mdomo. Mwanamke aliyekuwa akifanya mzaha tangu asubuhi alikuwa ameogopa, na mimi ndiye niliyemleta hapo.

"Mpigie," nikamwambia Nyambura.

Njoroge alikuja baada ya dakika chache na pikapu ndogo nyeupe. Ningependa kuwaambia kwamba amezeeka, au ametoa tumbo. Hapana. Kwa bahati mbaya ni mtu mzuri wa kutazama, mrefu, mwenye mvi mbili tatu zinazompendeza. Alinisalimia mimi kwanza, kwa mkono, "Niaje Baba Mwende, poleni na safari." Kisha akamgeukia mke wangu. "Nyambu, uko poa?"

Nyambu. Sijawahi kusikia mtu akimwita hivyo. Mimi mwenyewe sijawahi.

Hakuligusa gari. Alimfungulia Mami mlango wa pikapu yake, akapandisha vioo vyote, akampeleka nyumbani Kabiria. Kwa hiyo mama mkwe wangu, niliyemwahidi daktari kumfikisha mimi, alifikishwa na Njoroge. Mimi nilibaki na Nyambura, nimesimama kwenye vumbi, nikilinda gari lisilokwenda.

Aliporudi alikuwa na sanduku la vifaa na boksi jipya la karatasi. Aliliweka juu ya bampa na kulifungua. Ndani kulikuwa na pampu ya maji.

"Umejua kwa simu tu?" nikamuuliza. "Hata boneti hujafungua."

"Si nilimwambia Nyambu ile siku mlimletea Mami magunia ya viazi? Niliisikia ikipita kwa geti yangu. Nikamwambia hiyo ni beringi ya pampu, ibadilishwe kama bado ni kitu ndogo."

Hiyo ilikuwa miezi miwili kabla. Nilimgeukia Nyambura. Alikuwa akitazama mchanga.

Njoroge, nadhani, aliona amekanyaga pabaya. Akainua boneti haraka. Alitoa vipande vya mkanda uliobaki, kisha akaniita. "Kuja ushike mwenyewe. Zungusha hii ya altaneta." Niliizungusha, ilikwenda laini. "Sasa ya usukani." Laini pia. "Sasa hii." Puli ya pampu ilicheza mkononi kama jino bovu, na nilipoizungusha nilisikia mkwaruzo hadi kwenye kiwiko. Chini yake kulikuwa na michirizi ya kutu, mahali maji yalipokuwa yakivuja kidogo kidogo. "Unaona? Beringi ikikwama, puli inakataa kuzunguka, mkanda unateleza juu yake, unalia. Na pampu haisukumi maji, injini inachemka. Kelele na joto ni ugonjwa mmoja. Mkanda haukuwa na makosa." Akakigeuza kipande cha mkanda. "Lakini nani aliikaza hivi?"

Ningeweza kumtaja yule mzee wa kofia. Nyambura alikuwa akisikiliza.

"Mimi nilisema ikazwe."

Aliitikia kwa kichwa. "Ingekufa tu. Lakini si leo."

Akaingiza mikono ndani na kuanza kufungua nati. Mimi nilimfuata Nyambura ukutani mwa duka.

"Miezi miwili ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia nimeambiwa na nani?"

"Ungesema tu ni fundi."

"Ungeuliza fundi gani. Nikikwambia, ungeuliza lini, wapi, mlikuwa wangapi, nilikuwa nimevaa nini." Hakuwa amepaza sauti. Alikuwa amechoka. "Nilikwambia mara tatu upeleke gari ikaangaliwe. Hayo ndiyo niliweza kusema bila vita. Leo ukaniuliza namba nimeitoa wapi, na mama yangu amefungwa jicho yuko nyuma."

Nilikuwa na maneno tayari. Huwa ninayo siku zote. Lakini nililitazama lile lori la mchanga, nikakumbuka mdomo wa Mami ukitetemeka, nikayaacha. Miaka tisa nilimchunguza mke wangu nikitafuta siri, na kwa kuchunguza hivyo nilikuwa nimemfundisha kuficha hata pampu ya maji.

Nilirudi kwa Njoroge nikamshikia bakuli la nati. Alifunga pampu mpya, mkanda mpya, akarudisha thamostati ambayo kwa bahati niliitia mfukoni. Alimimina kulanti, yale maji ya kijani, akaacha injini ingurume kifuniko kikiwa wazi mpaka mapovu yakaisha. Alichomoa kijiti cha oili, akakinusa, akanionyesha. "Una bahati. Ingekuwa imeingia maji, imegeuka rangi ya chai ya maziwa, hapo ungelia wewe. Mngeenda zile dakika tano mlizobakisha, injini ingekuwa ya kuuza kwa kilo, chuma chakavu."

Nani alimwambia habari za dakika tano sijui. Sikuuliza. Mniandikie hilo kama ushindi.

Kabiria

Tuliingia kwa Mami saa kumi na mbili na nusu. Alikuwa ameketi sebuleni, bandeji safi, redio ikihubiri. Alimlazimisha Njoroge abaki kwa chai, naye akabaki. Akaenda jikoni kunawa grisi. Nikamsikia akifungua kabati la chini upande wa kushoto, akatoa sabuni ya unga, akafunga. Mimi nimeoa katika nyumba ile miaka tisa na bado naelekezwa sabuni ilipo.

Tulikunywa chai na viazi vitamu. Alizungumza na Mami kuhusu tangi, na mimi kuhusu bei ya ndoo na beseni ninazouza. Alimtaja mkewe mara mbili na watoto wake watatu. Haikunisaidia sana. Wivu hauna habari na idadi ya watoto.

Alipoondoka nilimsindikiza hadi getini. Nilikuwa nimemlipa, lakini nilihisi kuna neno lililobaki kati yetu, la mwanamume kwa mwanamume, na nilijitayarisha kulipokea au kulitoa.

"Njoroge," nikasema.

"Ee, Baba Mwende." Alisimama. "Karibu ningesahau. Usiweke tena maji ya mfereji kwa hiyo rejeta. Yana chumvi, yanakula pampu. Weka kulanti."

"Sawa."

"Haya. Msalimie Mwende."

Akaingia kwenye pikapu, akaenda. Nilisimama pale nimeshika geti. Miaka tisa yote nimembeba mtu huyu kila mahali, kitandani, kanisani, dukani, na yeye hakuwa amenibeba hata siku moja.

Kurudi Ngara

Tulilala kwa Mami, tukarudi Jumapili baada ya ibada. Gari lilikuwa kimya, safari hii kimya cha kweli. Riruta nilipita nikiangalia mbele. Tulipovuka Dagoretti Corner, nilimuuliza Nyambura swali ambalo nilikuwa nimelirudia kimoyomoyo tangu sala ya kwanza.

"Kuna mengine umenificha kwa sababu yangu?"

"Yapo. Si mengi. Nikikwambia utaendelea kuendesha?"

"Nitaendelea."

"Unakumbuka mwaka jana kazini walipeleka watu Kisumu, wiki mbili, kujifunza zile mashine mpya za maabara? Nilikwambia hawakunichagua."

"Nakumbuka. Nilikununulia keki."

"Walinichagua. Wenzangu watatu walikuwa wanaume, na tungelala hoteli moja. Niliandika barua nikasema mtoto ni mgonjwa."

Niliendelea kuendesha, kama nilivyoahidi. Mikono ilinitoka jasho kuliko siku ya hita. Nilitaka kuuliza majina ya hao watatu. Nawaambia ukweli, nilitaka kuyajua yote matatu, na kama wameoa, na vyumba vya hoteli vilikuwa ghorofa gani. Tulishuka Valley Road hadi chini kabisa kabla sijaamini sauti yangu.

"Bado wanapeleka watu?"

"Wanapeleka kila mwaka."

"Omba tena."

Aligeuka akanitazama usoni, kwa makini, kama vile nilivyokuwa nimemwona Njoroge akiangalia kijiti cha oili. Hakusema asante, na hakunishika mkono. Alisema tu, "Nitaona," akafungua kioo.

Aliomba, na wakamchukua. Jumapili iliyopita nilimpeleka kituo cha mabasi mwenyewe, nikawasalimia wenzake mmoja mmoja kwa mkono. Mmoja ni mrefu. Leo ni siku yake ya sita Kisumu. Nimempigia mara mbili tu, na ile ya pili nilikata kabla hajapokea.